Vyuo vikuu viwafungulie wanafunzi seva zao

Mwaka 2023 mpwa wangu, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja, alipoteza sura mbili za tasnifu yake. Hazikuibwa wala hazikuungua. Zilikuwa ndani ya flashi, kidude kisichozidi kidole gumba, nacho kilipochomekwa katika tarakilishi ya saiba moja mjini kikapatwa na virusi. Kilipofunguliwa tena hakikuwa na lolote la kusomeka. Kazi ya miezi minne, yakiwemo mahojiano na wakulima wadogo wa majani chai, iliyeyuka kabla hajalipia dakika zake.

“Mjomba,” aliniambia kwa simu, “hata sijui nianzie wapi.”

Lililonikera si virusi. Lililonikera ni kwamba katika kitivo chake mlikuwa na seva, yaani tarakilishi kuu ihifadhiyo faili za watu wengi, yenye diski kubwa ambazo hunakiliwa kila usiku. Miezi kadhaa kabla ya msiba huo alikuwa ameomba kipakatalishi chake kiunganishwe nayo. Akajibiwa kuwa seva ni ya wahadhiri na ya ofisi, wanafunzi wajitafutie.

Je, alikuwa ameomba jambo gani hasa? Chuo humpa mtu jina la kutumia na neno la siri. Yeye huiandikia tarakilishi yake jina la seva pamoja na jina la kabati analotaka kulifungua humo. Tarakilishi hubisha hodi kupitia mtandao wa chuo. Seva humtambua mbishaji, huangalia ameruhusiwa kusoma nini na kuandika nini, kisha humfungulia. Tangu hapo kabati lile huonekana kwenye kioo kana kwamba ni diski nyingine iliyomo ndani ya kipakatalishi chenyewe, na mwanafunzi huandika na kuhifadhi kama kawaida. Kipakatalishi kikiibwa ndani ya matatu, mwizi ameondoka na chombo. Tasnifu imebaki chuoni. Ni hayo tu. Hakuna uganga ndani yake.

Mazungumzo hayo baina ya tarakilishi na seva hufuata kanuni maalumu, yaani itifaki, na iliyoenea zaidi huitwa SMB. Ilibuniwa na kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuihusu kuna kisa ambacho ningependa kila mkuu wa kitivo akisikie.

Mnamo Desemba 1991 mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, jijini Canberra, kwa jina Andrew Tridgell, alikuwa na haja ileile ya mpwa wangu. Alitaka tarakilishi yake ya mezani, iliyotumia DOS, ifungue faili zilizokuwa katika seva ya Unix. Programu aliyokuwa nayo ilitoka kwa kampuni ya Digital, na kanuni ambazo ilizitumia kuzungumza na seva hakuwa nazo. Basi akaandika programu ndogo ya kusikiliza yapitayo kwenye waya, swali kwa jibu, hata akayafahamu. Yeye mwenyewe amelinganisha mbinu hiyo na mtu ajifunzaye Kifaransa kwa kuketi mkahawani na kuwasikiliza wateja wakiagiza chakula na mhudumu akiwaletea. Mwanzoni mwa 1992 alikuwa na programu yake ya seva, akaitoa bure kwa yeyote aitakaye.

Programu hiyo ndiyo iitwayo Samba hadi leo. Alipoarifiwa kuwa jina la awali lilikuwa mali ya kampuni nyingine, alitafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, akaipata ngoma ya Wabrazili. Angalikuwa Mswahili angaliita Simba, na herufi zote tatu zingalikuwemo.

Kazi iliyoanzishwa na mwanafunzi mmoja ilizidi kukua, ikawakera wakubwa. Kampuni ya Microsoft, ambayo ilikuwa imeichukua itifaki ile na kuiongezea mengi, haikutaka kutoa siri za seva zake kwa wapinzani. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro milioni 497, na kukataa huko kulikuwa miongoni mwa makosa yaliyotajwa. Mahakama ikaunga mkono uamuzi huo Septemba 2007, na kabla ya mwaka kwisha hati za itifaki zilipatikana kwa watu wa Samba kwa malipo ya euro 10,000, ya mara moja tu.

Nasimulia hayo kwa sababu kisingizio cha kwanza nilichopewa nilipoandamana na mpwa wangu hadi chumba cha mitambo kilikuwa gharama. Gharama gani? Seva imekwishanunuliwa. Programu ni ya bure. Mtandao unaounganisha vyuo vyetu, KENET, umekuwapo tangu 1999, na nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Isitoshe, mwanafunzi aliye ndani ya chuo hahitaji hata hizo nyaya za bahari ili kuifikia seva iliyo ng’ambo ya ukumbi.

Kisingizio cha pili kina uzito, nami sitakidharau. Ni usalama. Mnamo Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa kupenya ufa uliokuwa katika toleo la kwanza la itifaki hiyohiyo, vikafunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilifika mahali pa kuwarudisha wagonjwa. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba ufa huo tangu Machi; walioumia ni wale ambao hawakukitumia. Toleo la kwanza na lizimwe, mitambo isasishwe, na mlango wa seva usiachwe wazi kwa ulimwengu mzima: aliye nyumbani apitie njia ya faragha ya chuo. Wale wenye vipakatalishi vya mitumba vinavyotumia Windows XP, ambavyo havijui toleo jingine ila hilo la kwanza, wasaidiwe kuweka Linux. Hiyo ni kazi ya alasiri moja. Tena anayewafukuza wanafunzi kwenye seva kwa jina la usalama anawapeleka wapi, kama si kwenye flashi na saiba, ambako virusi huzaliana?

Wapo watakaosema kuwa hifadhi za Google zinatosha. Zinafaa kwa mengi. Hata hivyo, mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitaendelea kuvipa vyuo nafasi isiyo na kikomo, na kuanzia 2022 ikaweka kiwango cha msingi cha terabaiti 100 za kugawana chuo kizima. Mwenye nyumba hupandisha kodi apendapo. Pia tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na mtafiti aliyenakili maneno ya mkulima kuhusu deni lake anapaswa kujua yanalala wapi usiku.

Nina shaka kwamba kizuizi chenyewe si fedha wala virusi. Ni mazoea ya ufunguo. Chumba cha mitambo kimekuwa kama ghala la chifu: kinachowekwa ndani huhesabiwa, na anayeingia hutiliwa shaka kwanza. Tridgell angalikutana na mazoea hayo, angalifukuzwa kwa kosa la kusikiliza waya.

Nirudi kwenye chumba kile. Fundi aliyetupokea alikuwa kijana muungwana. “Mzee,” aliniambia, “nafasi ipo. Sehemu kubwa ya diski haina kitu. Lakini sina ruhusa.” Tulikwenda kwa mkuu wa kitivo, tukangoja hadi saa nane, tukapata barua yenye muhuri. Tuliporudi, kijana yule aliandika jina la mpwa wangu, akamchagulia kabati, akaandika mstari mmoja kwenye kipakatalishi chake. Nilitazama saa yangu: dakika sita.

Mwanafunzi mwenzake aliyekuwa amesimama mlangoni, naye ana flashi shingoni kama hirizi, akauliza, “Na mimi je?”

Kijana alimwonyesha ile barua. Ilikuwa na jina moja.