Karura ni yetu sote, pesa ni za landilodi

Wasee, hebu fungua tangazo lolote la apatimenti za Kiambu Road au Limuru Road. Kabla hujaambiwa nyumba ina vyumba vingapi, unaambiwa uko dakika ngapi kutoka Karura. Picha ya kwanza si sebule, ni miti. Na hiyo miti haiko kwa hatimiliki ya huyo anayeuza. Ni msitu wa umma, yaani wako na wangu, lakini ameshauweka ndani ya bei.

Sina shida na mtu kupenda kuishi karibu na msitu. Hata mimi ningependa. Mwenzako anaamka, anakimbia kilomita tano chini ya miti, anarudi kuoga. Mimi nikitaka kukimbia mtaani kwetu nakimbizana na matatu huku naruka mitaro. Ninachouliza ni hiki: hiyo bei ya juu nani aliitengeneza, na nani anaila?

Watu wanaochunguza bei za nyumba wana njia yao. Wanachukua nyumba zinazofanana, vyumba sawa, umri sawa, umbali sawa kutoka tauni, ila moja iko jirani na bustani na nyingine iko mbali. Tofauti ya bei inayobaki ndiyo thamani ya ile bustani. Hesabu hii imefanywa miji mingi duniani, na mara nyingi jibu ni kwamba ukiwa karibu na bustani nzuri utalipa zaidi. Shikilia hilo neno "nzuri", kwa sababu kijani peke yake hakipandishi kitu. Kuna sehemu za Kibera ambapo ukisimama unaiona miti ya msitu wa Ngong Road, na sijasikia keretaka akiongeza kodi kwa sababu ya hiyo miti. Kinachopandisha bei ni geti lililo wazi, njia unayoweza kupita bila kuibiwa, na mtu wa kuzoa taka.

Karura yenyewe ni ushahidi. Ni karibu hekta 1,000 za msitu, na ulitangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Lakini waulize wazazi wako Karura ya miaka ya tisini ilikuwa nini. Watakuambia wezi, watakuambia miili iliyotupwa. Hata matajiri wa Muthaiga walikuwa wanauogopa huo msitu ulio mlangoni mwao. Miti ilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa akiitangaza.

Halafu vipande vya msitu vikaanza kugawiwa kimyakimya kwa watu waliotaka kujenga. Mwaka 1998 Wangari Maathai na wenzake wakaanza kuingia huko kupanda miti. Januari 1999 akapigwa na kuumizwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu, rika letu kabisa, wakaingia barabarani na kupambana na polisi. Na hii haikuwa mara ya kwanza kwa mama huyo. Mwaka 1989 alikuwa amepinga ghorofa la orofa 60 lililotaka kumeza kipande cha Uhuru Park, na akashinda. Baadaye, kuanzia mwaka 2009, Friends of Karura Forest wakashirikiana na shirika la serikali la misitu, ua wa umeme ukawekwa, walinzi wakaajiriwa, wengine wao vijana kutoka vijiji vya jirani. Majirani wenye pesa nao walichangia, siwanyimi haki yao.

Sasa weka hiyo hesabu pamoja. Damu ya mama mmoja, mabomu ya machozi ya wanafunzi, ushuru wako, na ile ada ya getini ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 100. Vyote vikafanya msitu uwe salama. Na mtu aliyekuwa na ekari mbili upande wa pili wa ua akaamka siku moja akakuta ekari zake zina thamani ambayo hakuifanyia kazi hata dakika moja. Alichofanya ni kukaa tu.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwa comments, "Acha wivu, hiyo ni soko." Sawa, tuongee soko. Kwenye soko, mtu akikuongezea thamani ya mali yako unamlipa. Jiji liliongeza thamani ya hivyo viwanja. Lililipwa? Kwa karibu miaka 40 ada za ardhi za Nairobi zilikuwa zinatozwa kwa kutumia rejista ya thamani ya mwaka 1980. Elfu moja mia tisa themanini, buda! Wakati Karura inabadilika kutoka kichaka cha kuogopwa hadi mahali pa watu kupiga picha za harusi, kaunti ilikuwa inamtoza mwenye ploti kama vile Moi ndiyo kwanza ameingia Ikulu. Rejista mpya ilikuja baadaye sana, huku wenye ardhi wakilalamika. Faida ya miaka yote hiyo ilikuwa imeshaingia mifukoni, na haitarudi.

Huku kwetu mpangaji hakuwahi kupata likizo kama hiyo. Nilipokuwa natafuta keja upande wa Kileleshwa, ajenti mmoja aliniambia bedsita ina elfu tatu zaidi "kwa sababu unaweza kutembea hadi Arboretum". Dirisha lilikuwa linaangalia ukuta. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, na nina uhakika yeye hajawahi kupanda hata mche mmoja humo. Na usidhani sheria itakutetea. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe hiyo nyumba, nihamie leo.

Wazo kwamba bustani inapandisha bei na hiyo bei inaweza kulipia bustani si langu. New York walilijua tangu karne ya 19. Walipokuwa wanajenga Central Park, hoja mojawapo ilikuwa kwamba viwanja vya jirani vitapanda bei, jiji likusanye ushuru zaidi, bustani ijilipe. Na vilipanda kweli. Ila kuna sehemu ya hadithi ambayo haiko kwenye kadi za posta: ndani ya eneo hilo kulikuwa na Seneca Village, mtaa wa watu weusi wengi wao wakiwa wamenunua ploti zao. Kufikia 1857 walikuwa wameondolewa wote.

Nawatajia hiyo kwa sababu Karura inayofuata ni Mto Nairobi. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, kule Mathare na Mukuru, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000. Mwaka 2025 mradi mkubwa wa kusafisha mto ukazinduliwa. Nataka mto usafishwe, usinielewe vibaya. Pale Korogocho vijana wa Komb Green hawakungoja mtu. Walifukua jalala la ukingoni kwa mikono yao wakatengeneza bustani, People's Park, na watoto wanacheza hapo. Lakini wengi wa majirani wa huo mto ni wapangaji wa vyumba vya mabati. Mto ukinukia vizuri, mwenye ploti atapata mnunuzi mwenye ramani ya ghorofa kumi, na aliyefukua taka atapewa notisi ya mwezi mmoja.

Wengine watasema basi tusijenge bustani, mitaa ibaki rahisi. Huo ni ujinga. Eti uchafu ndio uwe bima yetu ya kodi? Bustani ni bei ghali kwa sababu ziko chache na zimerundikana upande mmoja. Jiji la watu zaidi ya milioni nne, na ukitoka Kayole kwenda Karura unalipa nauli mbili, kwenda tu. Kama Umoja, Kayole na Dandora zingekuwa na viwanja vyao vyenye miti na taa, nani angelipa elfu tatu zaidi kukaa kando ya Arboretum? Na ardhi ipo. Viwanja vingi vya umma Eastlands vilinyakuliwa, vingine ni maegesho na gereji leo, na kaunti inajua ni vipi.

Kwa hivyo wakitoa michoro ya mto, ile yenye benchi na watu wanaotembeza mbwa, mimi sitaangalia benchi. Nitatafuta mambo mawili: wapangaji wa sasa wameandikwa wapi, na wenye ploti za ukingoni watatozwa ada ya thamani ya mwaka gani. Wakisema 1980 tena, tukutane barabarani.