Kodi ya kitanda na chakula

Kwa mzazi wa Kashozi, Buhaya, nchini Tanzania, ufadhili wa masomo ni neema, na neema haikatwi kodi. Misheni ya Kashozi ilianza mwaka 1892, na tangu hapo Buhaya imezoea kuaga vijana wanaokwenda kusoma mbali kwa gharama za watu wengine. Mwana wa huko, Laurean Rugambwa, alisoma hadi Roma kabla hajawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Kwa hiyo kijana akipiga simu kutoka Marekani na kusema, “Tata, wamenikata kodi ya chakula,” swali linalomjia baba ni moja tu: “Umewakosea nini, mwanangu?”

Hajakosea kitu. Sheria ya Marekani inaugawa ufadhili mafungu mawili. Fedha za ada, na za vitabu ambavyo kozi inavilazimisha, hazitozwi kodi. Fedha za bweni, chakula na nauli ni kipato, na kwa mwenye viza ya F-1 chuo hushika asilimia 14 ya fungu hilo kabla hajaligusa.

Tupige hesabu ya mwaka 2024. Tuseme binti wa Kitanzania ana dola 14,000 za kitanda na chakula, na hana kazi yoyote. Chuo kimeshika dola 1,960. Kodi anayodaiwa kweli ni asilimia 10 ya dola 11,600 za kwanza na asilimia 12 ya zilizobaki, jumla dola 1,448. Anastahili kurudishiwa 512. Mwenzake wa chumba ametoka India na ana ufadhili uleule, lakini kodi yake ni sifuri. Mkataba wa kodi kati ya India na Marekani, uliosainiwa mwaka 1989, unampa mwanafunzi wa Kihindi kiwango cha kipato kisichotozwa kodi kama cha raia, na kwa mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa dola 14,600. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Kenya na Uganda nazo hazina.

Hapo wengi hurukia jibu moja: nasi tusaini. Inauma kweli, watu wawili chumba kimoja, mmoja analipa na mwingine halipi. Hata hivyo mimi siungi mkono. Barani Afrika ni nchi nne tu zenye mkataba wa namna hiyo na Marekani: Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Na wa Afrika Kusini unamkinga mwanafunzi kwa fedha za kujikimu zinazotoka nje ya Marekani tu. Ufadhili wa chuo cha Marekani haumo. Kuwa na mkataba ni jambo moja, na kilichojadiliwa ndani yake ni jambo jingine.

Halafu kuna bei yake. Tanzania inawatoza wasio wakazi kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye gawio, na asilimia 15 kwenye mrabaha na ada za huduma. Kampuni zitakazonufaika na mkataba zitataka viwango hivyo vishuke. Tupunguze mapato ya nchi nzima ili wanafunzi wachache, ambao tayari wamepata ufadhili, waokoe dola 1,448 kila mmoja? Ingekuwa nafuu Hazina iwape fedha hizo mkononi.

Hasara inayonisumbua zaidi ni zile 512. Mkulima aliyepeleka kahawa chama cha msingi alizoea kusubiri malipo ya pili. Mwanafunzi wetu naye anadhani yake yatakuja vivyo hivyo. Hayaji mpaka ajaze fomu 1040-NR na kuyadai.

Kwa nini hajazi? Kwa sababu amekulia nchi ambayo mfanyakazi mwenye mshahara wa mwajiri mmoja tu hukatwa kodi na mwajiri huyo, basi, yamekwisha. Ritani ya kodi ni habari za wenye biashara. Mwaka 2022 Serikali iliamua kila raia mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea apewe namba ya mlipakodi (TIN), na watu wakaingiwa hofu kwamba sasa watatozwa. Kenya, mwenye namba ya mlipakodi (PIN) anawasilisha ritani kufikia Juni 30 hata kama hana kipato, la sivyo faini ni shilingi 2,000 za huko. Wanafunzi wa huko wanalalamika sana, na wana haki, lakini wakifika Ohio fomu haiwashtui.

Fomu zenyewe si ngumu. Hatari iko kwa rafiki mwema wa bwenini, Mmarekani, anayekuazima programu yake ya kodi. Programu hiyo imetengenezwa kwa wakazi: inakuhesabu mkazi, inakupa nafuu za elimu usizostahili, na marejesho yananona. Umetia saini maelezo ya uongo, na siku ukiomba ukazi yanaweza kukutafuta. Vyuo vingi vina programu ya wageni, iulizie. Asiye na kipato chochote bado ana fomu 8843, ambayo mwisho wake ni Juni 15. Mwenye mshahara anatakiwa kuwasilisha ritani kufikia Aprili 15, na akague karatasi ya malipo: kwa miaka mitano ya kalenda ya kwanza hadaiwi ile asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ingawa wapo waajiri wanaoikata kimakosa. Aliyeingia Agosti 2021 anahesabiwa mwaka mzima wa 2021, kwa hiyo nafuu hiyo ilimwishia 2025.

Haya yangeweza kuelezwa kabla ya safari, katika kikao cha saa moja, na wote wanaotoa au kutafutia vijana ufadhili, yakiwemo majimbo ya Kanisa. Wazazi nao wawepo, maana ndio wanaopanga nauli na kuuza kahawa. Barua ikisema dola 14,000 za kitanda na chakula, familia ipange kwa 12,040 hadi marejesho yafike, na iulize kama jimbo la Marekani atakakosoma nalo lina kodi yake.