Basi la umeme mpaka kiwanja cha ndege



Wengi wetu hapa Swima tumeshasindikiza mtu kwenye ndege. Mimi nilimsindikiza mama mdogo Bujumbura, wakati esansi ilikuwa imekosekana Burundi. Toka hapa mpaka Uvira tulibanana kwenye gari, Kavimvira na Gatumba tukavuka bila neno. Shida ilitukuta mwishoni. Toka Bujumbura mjini mpaka kiwanja cha ndege ni kilometa kama 11 tu, lakini mwenye taksi alitaka bei iliyozidi ile tuliyolipa toka Swima, kisha akaongeza juu ya kila mzigo. Njia nyingine hatukuwa nayo. Mama mdogo akafungua fundo la kitenge, akatoa pesa aliyoiweka kwa chakula cha njiani.

Tangu siku ile, nikisikia habari za mabasi ya umeme nafikiria zile kilometa 11. Nairobi mabasi hayo yako barabarani tangu 2022, Kigali tangu mwisho wa 2023. Lile dogo la viti 25 lililoanza Nairobi hutembea kama kilometa 250 kabla ya kuchajiwa tena. Tupige hesabu (mwalimu haachi kazi yake): kwenda na kurudi ni 22. Hata likizunguka mara kumi kwa siku, halijamaliza betri. Wala halingoji foleni ya esansi.

Umeme wenyewe? Bwawa la Ruzizi II, chini ya Bukavu, lilijengwa kwa ajili ya Congo, Rwanda na Burundi pamoja. Linafanya kazi tangu 1989, megawati 43.8. Maji yake ndiyo haya yanayoshuka mpaka ziwa letu. Ni kweli umeme hukatika, nani asiyejua? Basi lichajiwe usiku watu wakilala, na kituo kiwe na betri za akiba.

Lakini nina wasiwasi kwamba wapangaji wataishia hapo, kwenye nguzo na betri. Mimi ningewauliza mambo ya mama mdogo. Bei itaandikwa mlangoni, au itategemea sura ya abiria? Ngazi iko chini kiasi gani kwa mama mwenye mtoto mgongoni na valizi mbili? Ndege ikitua usiku, basi lipo? Na wale wanaofagia kiwanjani na kupika pale, wanaorudi nyumbani gizani kila siku, kituo chao kiko wapi? Hao ni wengi, na hawapandi ndege kamwe.

Rwanda wanajenga kiwanja kipya Bugesera, zaidi ya kilometa 20 toka Kigali. Wao bado wana nafasi ya kupanga basi kabla wenye taksi hawajapanga bei. Kwetu, Kavumu iko kilometa kama 30 toka Bukavu, na abiria waliopitia huko wana hadithi kama yangu.

Mama mdogo yuko Marekani sasa. Anasema akija kututembelea ataleta mizigo minne.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila aliyewahi kusindikiza mtu aje na bei aliyolipa, na saa aliyofika. Nitaziandika ubaoni, chaki ninayo.