Ichongwe kurunzi, isichunwe betri



Wasomaji wapenzi, wiki hii nimeziweka kando barua nyingine kwa ajili ya swali moja lililonijia kutoka Nyeri. Aliyeuliza ni binti wa kwetu pwani, aliyeolewa huko bara na kukaa mtaa wa Majengo. Anaeleza kuwa mumewe huenda msikitini alfajiri na kurunzi ya chuma, na kuwa yeye mwenyewe huitumia msimu wa mvua umeme unapokatika. Walichoka kununua mawe kila mara, wakanunua betri mbili za kuchaji ili moja itumike na nyingine iwe ya akiba. Zikagoma kuingia. Si kwamba ni kubwa mno. Kila moja hufika katikati ya mwili wa kurunzi, kisha hukwama. Fundi wa simu aliyepelekewa amesema dawa ni nyepesi: betri zichunwe ile ngozi yake ya plastiki, nazo zitateleza zenyewe. Binti yangu anauliza, je, akubali?

Asikubali. Na kwa kuwa neno la fundi lina uzito katika nyumba nyingi kuliko la sheikh katika mambo kama haya, sina budi kueleza sababu.

Betri alizonunua zimeandikwa 18650. Tarakimu hizo si bei wala nguvu, ni vipimo: unene milimita 18, urefu milimita 65, na sufuri ya mwisho yaonyesha umbo la bomba. Ni betri za aina ya lithiamu, zile zile zilizojazwa ndani ya laptopu za zamani, na ndiyo sababu mafundi huzitoa humo na kuziuza. Kama kila betri ingetii vipimo vyake, pasingekuwa na swali. Lakini zilizo bora zaidi huongezewa kisahani chembamba cha saketi kwenye kitako, kazi yake kukata umeme betri inapochajiwa kupita kiasi, inaponyonywa mno au inapopigwa shoti, kisha huvishwa ngozi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hapo urefu hupanda hadi milimita 67, 68, hata 70, na unene hukaribia milimita 18 na nusu au ukazidi. Kurunzi za bei nafuu nazo hutobolewa kwa kubana. Nusu milimita ni unene wa ukucha wa kidole, lakini yatosha kuizuia betri njiani.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe, maana wengi huidhania kuwa ni pambo la kubebea jina la kampuni. Kopo lote la chuma la betri hii, tangu kitako hadi ukingo wa juu, ni upande wa hasi. Chanya ni kile kitufe kidogo tu kilicho katikati ya kichwa, kilichotengwa na ukingo kwa pete nyembamba. Na katika betri yenye ile saketi ya ulinzi pana jambo jingine lisiloonekana: chini ya ngozi ya nje hupita utepe mwembamba wa madini, ukitoka kwenye kitufe cha chanya, ukishuka ubavuni mwa kopo hadi kwenye kisahani cha chini. Ukiichuna ngozi, utepe huo hubaki wazi au hufunikwa na kijikaratasi cha gundi tu. Uingize ndani ya bomba la chuma lenye kubana, uusugue huku na huku, nao utaligusa bomba, na bomba ni hasi. Hiyo ni shoti kamili, na ulinzi wa saketi haupo njiani kuikata.

Huenda desturi ya kuchuna imetokana na mawe ya zamani, yale makubwa yaliyokuwa yakitengenezwa katika kiwanda cha Eveready pale Nakuru kabla hakijafungwa mwaka 2014. Jiwe la namna ile lilikuwa na nguvu haba; likipigwa shoti lilipata joto, likachoka, likafa. Lithiamu haifi hivyo. Hutoa nguvu yake yote kwa mkupuo, hupata joto la kuunguza, hutoa gesi na yaweza kuwaka. Ndani ya kurunzi ya chuma iliyofungwa kwa mipira isiingie maji, gesi hiyo haina pa kutokea, na bomba laweza kupasuka. Kurunzi yenyewe iko mkononi mwa baba wa watoto, au imelazwa karibu na mto, katika nyumba ya mbao kama zilivyo nyingi za huko milimani.

Basi betri iachwe na ngozi yake, tuihudumie kurunzi.

Kwanza atazame ndani kwa mwanga. Kurunzi nyingi za siku hizi zenye taa ya LED zimefanywa zikubali ama betri moja ya kuchaji ama kikapu kidogo cha betri tatu nyembamba. Ili hiyo moja isichezecheze, watengenezaji huweka mrija wa plastiki, mara nyingi mweupe au mweusi, ndani ya bomba. Mara nyingi betri haikukwama kwenye chuma; imekwama kwenye mrija huo. Atoe mrija, akunje kipande cha karatasi ngumu kama ile ya jalada la daftari, akikate urefu sawa na mrija, akizungushe kwenye betri hadi ikae bila kutikisika, pasi na kuziba kitufe wala kitako. Kazi imekwisha, na hata msasa haukuhitajika. Laiti fundi angeanza hapo!

Ikiwa hakuna mrija na betri imebanwa na chuma chenyewe, ndipo msasa unapoingia. Afungue kichwa chenye taa na kifuniko cha nyuma, avitenge mbali na kazi, na betri isiwepo mezani kabisa. Achukue kijiti cha mviringo chembamba kuliko bomba, mpini wa mwiko wafaa, akizungushie msasa wa kukwaruza, namba 120 hivi, aukaze kwa uzi. Auingize na kuuzungusha taratibu, akibadilisha upande mara kwa mara ili asichimbe mahali pamoja. Amalizie na msasa laini, namba 400. Kumbuka kwamba ukiondoa robo milimita kila upande, tundu limeongezeka nusu milimita. Haitakiwi zaidi. Sehemu zenye meno ya kufungia ndizo dhaifu, kwa hiyo asizisugue, na kama ukuta wa bomba umebaki mwembamba kuliko milimita moja, aache. Kurunzi hiyo haikuumbwa kwa betri hiyo. Afunike pua kwa kitambaa, na vumbi lile la alumini aliondoe kwa maji na sabuni, kisha akaushe bomba kikamilifu. Chembe ya chuma iliyosahaulika ndani yaweza kuitoboa ngozi tuliyoihangaikia.

Kipimo cha kutosha ni hiki: akiinamisha bomba, betri iteremke kwa uzito wake na itoke bila kugongwa. Ikihitaji kusukumwa kwa kidole, bado.

Kurunzi za plastiki zina utepe wa shaba au bati unaopita ubavuni kupeleka umeme kwenye swichi. Huo usisuguliwe wala kukunjwa. Na ile kurunzi ya zamani ya mawe mawili yenye balbu ya uzi, isipewe betri ya lithiamu kwa njia yoyote: balbu yake ni ya volti mbili na nusu hivi, na betri hii ikijaa hufika volti 4.2. Itawaka kwa fahari, kisha itaungua.

Kuhusu urefu, kifuniko kikikataa kufunga hadi mwisho, wengi hukata springi. Mzunguko mmoja waweza kuondolewa kwa koleo, ncha ikakunjwa isichome. Lakini springi isitolewe yote, maana ndiyo inayokinga betri kurunzi inapoanguka. Kama hata hivyo kifuniko hakifungi, asikilazimishe. Kitako cha betri chenye saketi kikigandamizwa huvunjika.

Nimalizie na mambo mawili ambayo binti hakuuliza. Mwezi wa Julai Nyeri na Nanyuki huwa na baridi kali alfajiri, na betri yoyote hupungua nguvu kwenye baridi. Mwanga ukififia mapema, asidhani ameharibu kitu. Ailaze kurunzi ndani ya nyumba, si barazani. La pili ni zito zaidi. Betri iliyokuwa ikiingia vizuri mwezi uliopita na leo inakwama, hiyo imevimba, au ngozi yake imekunjamana kwa joto. Hapo kurunzi haina kosa, na wala isiongezwe tundu. Betri ndiyo ya kustaafishwa.

Na ikiwa fundi amekwisha kuichuna mojawapo kabla ujumbe huu haujafika, isirudishwe kwenye kurunzi wala kwenye chaja. Aifunike ncha zote mbili kwa utepe wa umeme, aiweke ndani ya chombo cha udongo au kioo mbali na watoto, hadi atakapopata mtu wa kuipeleka kwa wanaokusanya takataka za vifaa vya umeme. Isitupwe kwenye lile shimo la shambani ambalo majani na taka huchomwa jioni.

Binti yangu, msalimie mumeo na watoto. Ukimaliza, niandikie kama ilikuwa ni mrija tu.