Lugha Haiji kwa Kukaa Tu

Yako maneno yavumayo miongoni mwa vijana wanaojiandaa kwenda Ujerumani: ati usijisumbue na vitabu, nenda ukakae na wenyeji, lugha itakuingia yenyewe. Maneno hayo ni matamu kwa sababu humpumzisha mvivu. Mimi niliyaamini, nikayalipia.

Nilikuwa nimekaa Leipzig mwaka mzima, nikijitolea katika nyumba ya kutunzia wazee. Niliwalisha, niliwavisha, nilitaniana nao, nikajiona hodari. Siku moja ikanifikia barua ya chuo nilichoomba nafasi ya masomo. Mwanzoni niliona neno „lehnen“. Nililijua: wazee waliponiegemea begani nilikuwa nikilisikia. Nikafurahi, nikidhani nimepata wa kuniegemeza. Kumbe Kijerumani kina vitenzi vinavyokatwa vipande viwili: kiwiliwili hukaa mbele, na kipande kingine hutupwa mwisho wa sentensi. Mistari mitatu chini kilijibanza kijineno „ab“. Viunganishe viwili hivyo, utapata kukataa. Nilikuwa nimenyimwa, nami nashangilia! Barua ilinipa mwezi mmoja wa kukata rufaa; nilipong'amua, mwezi ulikuwa umekwisha, na mwaka wa masomo ukanipita.

Mzee ninayemlisha uji angenifundishaje neno lile? Hakuwahi kuninyima kitu. Tena vijana wa huko, wakikuona unababaika, hukuhurumia wakageukia Kiingereza, na huruma hiyo ni hasara yako. Isitoshe, katika mazungumzo watu aghalabu husimulia mambo ya jana kwa umbo moja la kitenzi, na vitabuni wakatumia jingine. Aliyeishia kusikiliza tu, akifungua hadithi za ndugu Grimm, zilizoanza kuchapwa mwaka 1812 na ambazo hata watoto husomewa, atakwama ukurasa wa kwanza.

Hadithi hizo ndizo nilizozishika. Kila usiku nilisoma kurasa mbili kwa sauti, nikiwinda vile vipande vya mwisho. Asubuhi nikawapelekea wazee niliyoyapata. Bibi mmoja alicheka hata akatokwa na machozi, maana nilimsemesha kama mfalme wa hadithini. Lakini alinisahihisha, na siku ya pili akataka nimsomee. Hapo ndipo kukaa na watu kulipoanza kunifaa.

Sikatai kwamba yapo yanayofundishwa upesi na maisha. Mjerumani akisema „halb drei“, nusu ya tatu, anakusudia saa nane u nusu yetu. Mimi nilifika kazini saa tisa u nusu, nikakaripiwa, wala sikukosea tena. Ila kosa lile lilinila saa moja. La barua lilinila mwaka.

Watanijibu kwamba hakuna Mswahili aliyejifunza ngeli kitabuni, naye husema kiti kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri bila kufikiri, basi kwa nini „der“, „die“ na „das“ zisije vivyo hivyo? Kweli, ngeli nilizipata kwa mama. Lakini nilizipata kwa miaka mingi, tena mtoto sina kazi nyingine, na hakuna aliyenihurumia akageukia lugha ya kigeni. Ni nani Ujerumani atakayekupa miaka hiyo, ewe kijana, na chuo kinachofundisha kwa Kijerumani kinakudai cheti cha lugha kabla hujaingia darasani?