Tuta la Kilosa, matuta ya Uluguru

KANDO YA NGERENGERE
Na Mwanaidi Kobelo

Jirani yangu wa upande wa juu amejenga ukuta. Ukuta wa maana hasa: tofali za inchi sita, nondo, msingi wa mawe. Aliujenga baada ya maji ya mto kuingia sebuleni kwake na kumharibia makochi. Mvua kubwa iliyofuata, maji yalifika pale yakaukuta ukuta, yakapinda kulia. Kulia ndiko kwangu. Nilichota tope kwa koleo siku mbili, nikatupa godoro na nusu gunia la mchele, na jirani huyo huyo akaja na beleshi lake kunisaidia. Hatujagombana. Angefanyaje? Amezuia maji yasiingie kwake, na maji lazima yapite kwa mtu.

Ukuta ule hunijia akilini kila nikisikia kiongozi, buti za mvua miguuni, akiahidi tuta la kudumu. Mkoa wetu wa Morogoro una historia ndefu na matuta. Mji wa Kilosa ulikuwa ukilindwa na tuta la mto Mkondoa, kazi ya enzi za mkoloni. Watu walizaliwa, wakaoa, wakajenga nyuma yake, mpaka likawa kama kilima cha kawaida ambacho hakuna aliyekumbuka kwamba kiliwekwa na mtu na kinahitaji kutunzwa na mtu. Mvua za mwisho wa Desemba 2009 zikalipasua. Zaidi ya watu 20,000 wakakosa makazi, na Reli ya Kati, iliyofuata bonde lile lile, ikang'olewa hadi treni zikasimama kwa miezi.

Reli ilirudi. Wako watu wa Kilosa ambao miaka miwili, mitatu baadaye walikuwa bado kwenye mahema, turubai limechanika, wanapikia nje. Januari 2014 ikaja zamu ya Magole na Dumila. Maji yakakata barabara ya Morogoro–Dodoma pale darajani, mabasi yakapanga foleni pande zote mbili, na ndani ya siku chache magari yakaanza kupita. Sisemi barabara isingetengenezwa. Nasema tunajua kufanya haraka tunapotaka.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, ndugu wa pwani walinipigia simu wakasema ninyi mna bahati, mji kasoro bahari. Nikacheka. Sisi maji yetu hayatoki baharini, yanatoka juu. Simama Msamvu asubuhi isiyo na mawingu utaona Lupanga, kilele kimojawapo cha milima ya Uluguru, zaidi ya meta 2,100, imeuinamia mji kama mtu anayechungulia sufuria. Mvua ikipiga huko, mito ya Morogoro, Kikundi na Bigwa haina safari ndefu. Ni mteremko mmoja tu, na njiani inabeba udongo wa shamba, mawe na magogo. Ukuta wa mtoni unayapokea maji yakiwa yameshapata kasi na mzigo.

Ndiyo maana napenda neno letu tuta. Tuta la Kilosa ni la kuzuia. Tuta la barabarani halizuii mtu kupita, linampunguzia mwendo tu, na dereva wa bodaboda anayelipuuza hulipa papo hapo. Matuta ya mlimani ni ndugu wa hilo la pili. Yanayafanya maji yatembee badala ya kukimbia.

Wakoloni walilijua hilo, wakaliharibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru: kila kaya ichimbe matuta ya ngazi, kwa amri, kwa faini, bila malipo. Udongo wa Uluguru sehemu nyingi ni mwembamba. Ukichimba ngazi bila kujali, unafukia wenye rutuba na kuleta juu ule mwekundu usioota kitu. Waluguru waliona mahindi yao yakidumaa kwenye kazi ya mikono yao wenyewe. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Mtaalamu akisema leo kwamba wananchi wa mlimani hawaelewi hifadhi ya udongo, namwomba aanzie Matombo.

Halafu kuna kisa kisichosimuliwa sana. Nusu karne baadaye, milima hiyo hiyo, upande wa Kibungo Juu ambako maji hushuka kuelekea Ruvu na hatimaye mabomba ya Dar es Salaam, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi ambao mkulima alilipwa kwa kuchimba matuta, kupanda miti na kuacha majani kando ya mto. Miongoni mwa waliotoa fedha walikuwa Dawasco na Coca-Cola, yaani watumiaji wa maji wa bondeni. Malipo hayakuwa makubwa na mradi ulikuwa wa muda. Lakini watu wa milima ile ile walichimba, safari hii bila mgambo nyuma yao.

Wamarekani baada ya Kimbunga Katrina cha 2005, kuta za New Orleans zilipobomoka, walitumia zaidi ya dola bilioni 14 kuzijenga upya na kuongeza malango ya kuzuia bahari. Ule ni mji ambao sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, hauna pa kukimbilia. Sisi tuna mlima, na mlimani tuna watu wenye majembe. Hesabu yetu ni nyingine.

Najua nitaambiwa tatizo ni waliojenga mtoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka meta 60 kutoka ukingoni, na nikipima kwa hatua, nusu ya mtaa wetu imo ndani ya hizo 60, tukiwemo sisi wenye risiti za kodi ya jengo. Wanaostahili kuhamishwa wahamishwe, wapewe pa kwenda. Hata wakihama wote, mito ya Uluguru itaendelea kushuka na udongo, na sehemu ya udongo huo inaishia bwawa la Mindu, tunakotoa maji ya kunywa.

Jumamosi nilikuwa soko la Chifu Kingalu nikinunua karoti kwa mama mmoja aliyeteremka nazo kichwani kutoka milimani. Nikamuuliza kama shamba lake lina matuta. "Yapo machache, ya zamani, ya marehemu baba mkwe. Kuchimba mapya ni kazi ya watu, mwanangu, na watu ni kuwalipa." Nikamuuliza kibarua siku hizi ni shilingi ngapi kwa siku. Akanitajia. Nikalinganisha na bili yangu ya maji ya mwezi ule, iliyokuwa bado mkobani. Ingetosha vibarua wawili na chenji ya karoti.