Mambo ya Nyumbani: Pasi ya Reli au Tikiti?



Likizo za shule zikaribiapo, ndugu zetu wengi wakaao Uingereza, Uholanzi, Uswidi na kwingineko Ulaya, pamoja na wageni wao watokao Mombasa, Dar es Salaam na Maskati, huazimia kuwatembeza watoto kwa treni. Azma hiyo ni njema. Lakini nauli yaweza kuila likizo yote kabla haijaanza, na sababu yake aghalabu si uchache wa fedha, bali ni kununua pasipo kuhesabu. Basi mwezi huu tutazungumza juu ya swali moja: je, inunuliwe pasi ya reli, au zinunuliwe tikiti za kila safari?

Yatupasa kwanza tujue pasi ni nini. Ni hati moja, ambayo siku hizi huwekwa katika simu, impayo mwenye nayo ruhusa ya kupanda treni nyingi kwa siku zilizohesabiwa. Zijulikanazo sana ni mbili. Eurail ilianzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wageni wa nje ya Ulaya. Interrail ilianza mwaka 1972, na hapo mwanzo ilikuwa ya vijana wasiozidi miaka 21. Leo ni ya watu wa umri wowote, walio raia au wakazi wa Ulaya. Wala haitazamwi pasipoti peke yake. Mtanzania aliyehamia Stockholm ni mkazi wa Ulaya, na pasi yake ni Interrail. Nduguye aliyekuja kumzuru kutoka Tanga hununua Eurail. Wote wawili watapanda treni moja. Ila mwenye Interrail ajue kuwa katika nchi akaayo pasi humfaa kwa safari ya kutoka na ya kurudi tu. Hawezi kuitumia kuzunguka nchi hiyo apendavyo.

Sasa tuziangalie hesabu tatu.

Ya kwanza ni hesabu ya siku. Pasi huhesabiwa kwa siku, si kwa maili, na siku yake huanza saa sita ya usiku hadi saa sita ya usiku ufuatao. Apandaye treni ya nusu saa amekwisha tumia siku nzima, sawasawa na aliyevuka nchi mbili. Kwa hiyo mwenye pasi ya siku nne katika mwezi mmoja aziweke siku zake kwa safari ndefu, na zile fupi azinunulie tikiti. Na treni ya usiku iondokayo kabla ya saa sita ikafika asubuhi, bila ya abiria kubadili treni njiani baada ya saa sita, hutumia siku ya kuondoka peke yake.

Ya pili ni hesabu ya umri. Katika pasi hizi mtoto wa miaka 4 hadi 11 hupewa pasi bure, na kila mtu mzima aweza kuchukua watoto wawili wa namna hiyo. Aliye chini ya miaka 4 hahitaji pasi. Wa miaka 12 hadi 27 hulipa bei ya vijana. Chukua mfano wa nyumba yenye baba, mama na watoto wa miaka 13, 9 na 6. Kwa pasi watalipiwa watu watatu. Lakini kwa tikiti za Ujerumani, mtoto asiyefika miaka 15 afuatanaye na mtu mzima husafiri bure, ilimradi ameandikwa katika tikiti. Basi nyumba ile ile huko italipia watu wawili tu. Uswisi nayo, mzazi mwenye Swiss Travel Pass hupewa Swiss Family Card, na mtoto wake husafiri naye bure mpaka atimize miaka 16. Uingereza iko kadi iitwayo Family & Friends Railcard, ambayo huwapunguzia watu wazima theluthi moja ya nauli, na watoto wa miaka 5 hadi 15 asilimia 60. Kwa hiyo, nyumba yenye watoto wadogo izungukayo nchi nyingi huenda ikafaidika na pasi. Na yenye vijana, ikiwa safari yao ni Ujerumani, itazame tikiti kwanza.

Ya tatu ni hesabu ya viti, nayo ndiyo isahauliwayo mno. Katika treni nyingi za Ujerumani, Austria, Uswisi na Uholanzi, mwenye pasi hupanda bila ya kuweka nafasi. Lakini katika treni za mwendo wa kasi za Ufaransa, Italia na Uhispania, na katika Eurostar, hapana budi kiti kiwekwe na kilipiwe mbali na pasi, hata kwa mtoto mwenye pasi ya bure. Ndani ya Ufaransa kwa kawaida ni yuro 10 au 20 kwa kila mtu. Watu watano kwa yuro 20 ni yuro 100 kwa treni moja, na kurudi ni 100 nyingine. Kadhalika kitanda cha treni ya usiku hulipiwa mbali. Ingawa treni za Nightjet za Austria huuza chumba kizima kwa familia moja, jambo lenye sitara kwa akina mama. Wala mtu asitegemee hesabu ya mwaka uliopita. Mpaka Juni 2025 familia katika Ujerumani ikilipa kiasi kimoja tu kwa viti vyote. Utaratibu huo umeondolewa, na sasa kila kiti hulipiwa.

Zaidi ya hayo, tikiti ya bei nafuu inunuliwayo mapema mara nyingi imefungwa na treni moja tu. Ikikupita, fedha imepotea. Msafiri ameruhusiwa kupunguza Sala na kuzikusanya kwa masharti yake, lakini bado ataka mahali na nafasi ya kuisali. Basi achague treni za kuunganisha zenye muda wa kutosha kati yake. Na mgeni angojaye viza asinunue tikiti isiyorudishwa. Pasi ambayo haijaanza kutumika kwa kawaida hurudishwa kwa kukatwa sehemu ya fedha, isipokuwa iliyouzwa kwa punguzo maalumu.

Limebaki jambo moja lililo zito kuliko nauli. Wako wazazi wamwambiao mtoto wa miaka 12, "Ukiulizwa, sema una miaka 11." Tunawaomba waache. Mkaguzi aweza kudai pasipoti, na fedheha ikawa mbele ya watu wote. Na hata asipodai, kijana amekwisha sikia kwa baba yake kwamba uongo wafaa pale ambapo kweli ina gharama, na somo hilo atarudi nalo nyumbani. Halali ina nafasi yake: umri hutazamwa siku ya kwanza ya pasi, hivyo mwenye mtoto akaribiaye kutimiza miaka 12 aianze safari kabla ya siku hiyo, naye atasafiri bure bila ya hila yoyote.

Basi mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni safari zote katika karatasi, upande mmoja bei ya pasi pamoja na viti, upande wa pili bei ya tikiti kwa umri wa kila mmoja. Kazi hiyo wapeni vijana wenu waifanye pamoja nanyi, wapate kujua fedha ya nyumba hutokaje.

Wabillahi tawfiq.